Sura ya Nne: Dagaa Walitoka Wapi?

Kwenye magulio ya nyanda za juu za Kigoma, kuanzia Gwarama kule karibu na mpaka wa Burundi hadi Kasulu mjini, dagaa hupangwa mafungu mawili, na mnunuzi mzoefu hahitaji kuambiwa lipi ni lipi. Hapa dagaa wa Kigoma, wang'avu kama fedha, wanaopimwa kwa kopo huku muuzaji akipitisha kiganja juu ya mdomo wa kopo ili wasizidi. Pale dagaa wa Mwanza, wadogo zaidi, wenye uchungu kwa mbali, bei nafuu. Wa Mwanza ni kitoweo cha siku za kawaida. Wa Kigoma huungwa kwa mawese, wakaliwa na ugali wa muhogo, na mgeni akawasifu.

Tofauti ya mafungu hayo haiishii kwenye ladha na bei. Dagaa wa Mwanza, anayevuliwa Ziwa Viktoria, ni wa jamii pana ya ningu, samaki wa maji baridi tangu enzi na enzi. Dagaa wa Kigoma hana udugu naye hata wa mbali wa kutajika. Ndugu zake ni dagaa papa wa soko la Feri pale Dar es Salaam, na heringi wa bahari za Ulaya. Kwa ukoo ni samaki wa chumvi. Lakini anaishi katika maji ya kunywa, kama kilomita elfu moja kutoka Bahari ya Hindi, ndani ya ziwa ambalo uso wake uko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari.

Alifikaje huko? Swali hilo lina historia ndefu, na halikuanza na dagaa.

Mwaka 1883 mtaalamu wa wanyama kutoka Ujerumani, Richard Böhm, aliona kitu kinaelea kwenye maji ya Tanganyika ambacho hakikupaswa kuwapo. Kilikuwa yavuyavu, yule kiumbe wa utelezi ambaye sehemu nyingine za pwani humwita konyeza. Huyu wa Tanganyika ni mdogo, upana wake kama sarafu, mwili wake unapitisha mwanga, na hawashi kama wale wa baharini wanaowaunguza waogeleaji. Böhm alifariki mwaka uliofuata akiwa bado safarini, asijue alikuwa ameanzisha mjadala wa aina gani. Enzi hizo yavuyavu alihesabiwa kuwa mnyama wa bahari. Kumkuta katikati ya bara la Afrika lilikuwa jambo la kukuna kichwa.

Kabla yake alikuwapo Edward Coode Hore, baharia wa Kiingereza aliyefika Ujiji mwaka 1878 na wamisionari wa London. Kwa kuwa alikuwa mtu wa bahari, Hore alijua kutofautisha makombe. Aliyoyaokota ufukweni mwa Tanganyika na kuyapeleka London yaliwashangaza wataalamu: konokono wa maji baridi kwa kawaida wana gamba jembamba, la rangi ya tope, lisilo na pambo. Hawa walikuwa na magamba mazito, yenye mbavu, vinundu na miiba. Mmoja wao, mwenye miiba mirefu inayotoka pande zote, alipewa jina la Hore mwaka 1880, naye hadi leo anaitwa Tiphobia horei. Mtu akikuwekea mezani bila kukuambia katokea wapi, ungeapa kwamba ametoka Mombasa.

Yavuyavu, konokono wa sura ya bahari, na jamaa wa heringi, wote ndani ya ziwa moja. Kijana mmoja wa Kiingereza, John Moore, akaona jibu liko wazi. Alikuja Tanganyika mara mbili, mwaka 1896 na tena mwaka 1899, akavua, akapasua, akachora, akalinganisha magamba ya konokono na visukuku vya bahari za kale zilizokuwa Ulaya enzi za dinosaria. Akaona vinafanana. Hitimisho lake alilitoa katika kitabu cha mwaka 1903 alichokiita Tatizo la Tanganyika: ziwa hili ni kipande cha bahari. Zamani za kale bahari ilifika hadi katikati ya Afrika, ikarudi nyuma, ikaacha dimbwi. Dimbwi likapoteza chumvi taratibu, viumbe wake wakazoea.

Ni nadharia nzuri. Inaeleza kila kitu kwa pigo moja, na ndiyo sababu nina mashaka kwamba ingekufa mapema hivyo kama wapinzani wake wasingekuwa na ushahidi mkubwa. Moore hakuwa mtu wa kubahatisha. Baadaye yeye na mwenzake ndio waliolipa jina tendo la seli kugawanyika ili kutengeneza mbegu za uzazi, na jina hilo liko kwenye kila kitabu cha baiolojia cha sekondari. Ila kwa Tanganyika alikosea. Jiolojia ilimgomea: mabaki ya bahari ya enzi aliyoitaja hayakuonekana kuzunguka ziwa. Kisha yavuyavu wa jamii ileile wakaonekana Ziwa Viktoria na katika Mto Niger, mahali ambapo hakuna aliyedai kuwa ni mabaki ya bahari. Msafara mwingine, wa William Cunnington, ulikuja mwaka 1904 kuichunguza hoja hiyo, na mwishowe Cunnington akaikataa. Tanganyika ni ziwa la maji baridi tangu lilipozaliwa.

Lilizaliwa vipi? Ardhi ya Afrika Mashariki inapasuka. Bonde la Ufa la magharibi linapita hapo, na mahali palipokuwa dhaifu ardhi iliporomoka, maji yakajaa. Wanajiolojia wanakadiria kuwa sehemu ya katikati ya ziwa ina umri wa miaka milioni 9 hadi 12. Kina chake kinafika mita 1,470, maana yake ni kwamba sakafu ya ziwa iko karibu mita 700 chini ya usawa wa bahari. Chini ya mita mia moja hivi upande wa kaskazini, na mia mbili hivi upande wa kusini, maji hayana oksijeni kabisa. Samaki wote unaowajua wa Kigoma, dagaa, migebuka, sangala, kuhe, wanaishi kwenye tabaka la juu tu. Yaliyobaki chini ni maji mengi mno yasiyo na samaki.

Basi kama ziwa halikuwa bahari, konokono walipata wapi sura ya bahari? Hapa jibu lilichukua karibu karne nzima, na lilitoka kwa kaa.

Tanganyika ina kaa wake wa peke yake, na mmojawapo ana gando kubwa lisilolingana na mwili. Mwaka 1991 watafiti watatu, Kelly West, Andrew Cohen na Michael Baron, walichapisha majaribio waliyoyafanya kwa kuwaweka kaa na konokono pamoja. Kaa hushika gamba, hulizungusha, hutafuta mdomo wake, kisha hubana. Gamba jembamba hupasuka. Gamba nene mara nyingi hushinda, konokono akabaki na kovu kwenye ukingo, halafu akaendelea kulijenga. Na makovu hayo yako mengi kwa konokono wa ziwani. Piga hesabu ya miaka milioni kadhaa ya mchezo huo: konokono wa gamba jembamba huliwa kabla hajazaa, wa gamba nene huacha watoto, kaa mwenye gando dhaifu hulala njaa. Kila upande unamsukuma mwenzake. Baharini mchezo huohuo umechezwa muda mrefu zaidi, ukazaa miiba na mbavu zilezile. Kwa hiyo konokono wa Tanganyika hawakurithi sura yao kutoka baharini. Waliipata nyumbani kwa kuwa adui alikuwa wa aina ileile.

Muda mrefu ndani ya ziwa moja huzaa mambo ya ajabu, na siwezi kupita bila kumtaja samaki mmoja wa jamii ya perege, Perissodus microlepis, ambaye chakula chake ni magamba ya samaki wenzake. Humjia windo kwa nyuma, akanyakua magamba ubavuni, akakimbia. Mdomo wake umepinda: wengine umepinda kulia, hawa hushambulia ubavu wa kushoto, wengine umepinda kushoto, nao hushambulia wa kulia. Mjapani Michio Hori alichapisha mwaka 1993 matokeo ya miaka kumi na zaidi ya kuwahesabu, akaonyesha kwamba idadi ya pande mbili huyumba ikirudi daima karibu na nusu kwa nusu. Sababu yake ni rahisi kuielewa. Wapinda kulia wakiwa wengi, windo hujifunza kulinda ubavu wa kushoto, na hapo wapinda kushoto ndio wanaoshiba na kuzaa sana, mpaka zamu inageuka. Kisichokubalika na wote ni chanzo cha upindaji wenyewe: kiasi gani samaki huzaliwa nao, na kiasi gani mdomo unapinda zaidi kwa mazoea ya kula upande mmoja. Watafiti bado wanavutana.

Turudi kwa dagaa. Kaa hawezi kutusaidia hapa, kwa sababu udugu wa dagaa na heringi si wa sura tu. Uko ndani ya vinasaba. Mwaka 2008 Anthony Wilson, Guy Teugels na Axel Meyer walilinganisha vinasaba vya dagaa wa Tanganyika na vya jamaa zao wa mito na pwani za Afrika. Ndugu wa karibu hawakuwa upande wetu wa Bahari ya Hindi. Walikuwa Afrika Magharibi na katika bonde la Kongo. Kwa makadirio yao, kati ya miaka milioni 25 na 50 iliyopita, bahari ilipoingia nchi kavu kule magharibi, samaki wa ukoo huo walibaki katika maji baridi, wakazaana na kusambaa mtoni kuelekea mashariki. Ziwa Tanganyika lilipofunguka baadaye, baadhi yao wakaingia.

Kwa hiyo Moore alikuwa na chembe ya ukweli mkononi: bahari ipo katika hadithi hii. Ila bahari haikuja Kigoma. Samaki ndiye aliyesafiri, akitokea upande wa Atlantiki, na alifika akiwa tayari samaki wa mto. Leo wako wa aina mbili, dagaa mwenyewe na lumbu. Mchana hushuka kwenye maji yenye giza, usiku hupanda juu kufuata vijidudu wanavyovila. Wavuvi wanaijua tabia hiyo vizuri kuliko kitabu chochote. Ndiyo maana hutoka na taa, zamani za karabai, siku hizi za betri na sola, na mbalamwezi ikitawala hupumzika, kwa kuwa mwanga umetapakaa na samaki hawakusanyiki. Lumbu alionekana mstahimilivu hata wazungu wa enzi za ukoloni wakampandikiza Ziwa Kivu, ambako Wakongo na Wanyarwanda humwita sambaza, na baadaye akapelekwa Kariba, ambako anajulikana kama kapenta. Safari ya mababu zake ilichukua mamilioni ya miaka. Hizi mbili zilifanywa na binadamu ndani ya miaka isiyozidi kumi na tano.

Na yavuyavu wa Böhm? Konokono wamepata jibu lao, dagaa wamepata lao, yeye bado. Watoto wake huishi wameganda kama uoto mdogo kwenye mawe na makombe, hatua ambayo huenda ndiyo iliyosafirishwa na ndege au mito, lakini hiyo ni dhana tu. Naona hapa ndipo Moore alipokosea hasa. Alitaka jibu moja kwa viumbe watatu, kumbe kila mmoja ana njia yake na inabidi aulizwe peke yake.

Watu wa nyanda za juu wana sababu ya kuliingilia swali hili, kwa kuwa sehemu kubwa ya ushahidi wa njia hizo iko upande wao, katika Mto Malagarasi.

Tazama ramani. Malagarasi unaanzia kwenye vilima vya mpakani mwa Burundi na Tanzania, si mbali na Ziwa Tanganyika. Mto wa kawaida ungeshuka moja kwa moja ziwani. Huu unaondoka. Unafuata mpaka kwa muda, unaingia Tanzania ukielekea mashariki, unapita kwenye mabwawa makubwa unapokutana na Moyowosi na Ugalla, kisha unapinda na kurudi magharibi kupitia Uvinza hadi ziwani, kusini mwa mji wa Kigoma. Umezunguka karibu kilomita 475 ili ufike mahali ulipokuwa karibu nalo mwanzoni. Maji ya Kibondo, ya Kasulu na ya wilaya ya Kakonko, ambamo Gwarama imo, kwa sehemu kubwa huenda njia hiyo, na mabwawa yake ndiyo yaliyokuwa eneo la kwanza la Tanzania kuingizwa, mwaka 2000, katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia.

Ajabu zaidi ni samaki wa mto huo. Ungetegemea wafanane na wa ziwa unakomwaga maji. Wengi hawafanani. Malagarasi una samaki walewale wa Mto Kongo, upande wa pili wa ziwa, na baadhi yao hawaonekani kwenye maji ya wazi ya Tanganyika kabisa. Mmoja ni bunju mkubwa wa maji baridi, Tetraodon mbu, anayejivimbisha akitishwa. Ziwa lenye maji ya magadi kidogo na miamba mirefu ni ukuta kwa samaki wa matope. Walivukaje, basi? Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba hawakuvuka. Mto ulikuwapo kwanza. Kabla ardhi haijapasuka, Malagarasi uliendelea magharibi hadi Kongo, na bonde la ufa lilipofunguka likaukata katikati, samaki wa upande huu wakabaki huku na wa upande ule wakabaki kule. Mto una umri mkubwa kuliko ziwa linaloupokea.

Ziwa lenyewe nalo lilichelewa kuupata tena mlango wa magharibi. Wapelelezi Burton na Speke walifika Ujiji mwaka 1858 wakauliza maji yanatoka ziwani kupitia wapi, wasipate jibu la uhakika. Livingstone na Stanley walipiga makasia hadi Mto Rusizi mwaka 1871 wakakuta unaingia, hautoki. Cameron akaliona lango la Mto Lukuga mwaka 1874, likiwa limezibwa na mimea. Stanley aliporudi Ujiji mwaka 1876 alikuta michikichi aliyoiona sokoni miaka mitano nyuma sasa imesimama ndani ya maji. Ziwa lilikuwa linapanda. Miaka miwili mitatu baadaye kizibo cha Lukuga kikapasuka, na Hore yuleyule wa makombe alipofika mwaka 1879 alikuta maji yanatoka kwa kishindo. Ziwa likashuka kwa mita kadhaa. Kwa hiyo wote waliogombana London kuhusu Lukuga, yupi mkweli na yupi mwongo, walikuwa wamesema walichokiona: mto ulikuwa unatoka na hautoki, kulingana na mwaka. Hata leo sehemu kubwa ya maji ya Tanganyika huondoka kama mvuke, Lukuga hupata masalio tu, na miaka ya mvua nyingi, kama 1964 na tena kuanzia 2020, nyumba za ufukweni huingiliwa.

Wanasayansi walichelewa kuvichunguza vijito vya juu. Mwaka 1998 Luc De Vos na Lothar Seegers walieleza kwa mara ya kwanza samaki kadhaa wadogo wa jamii ya perege kutoka bonde la Malagarasi, wanaokaa kwenye maji ya kasi wakijibana chini kati ya mawe. Mmoja wao, wa Mto Ruchugi, anaitwa Orthochromis kasuluensis. Watoto walikuwa wakimvua kwa ndoana za pini kabla kitabu hakijamtambua, na hakuna aliyewauliza.

Halafu kuna jambo la Ziwa Viktoria, ambalo kwangu ndilo gumu kuliko yote. Ziwa hilo lilikauka, na maji yakarudi takriban miaka 15,000 iliyopita. Ndani ya muda huo mfupi zimetokea aina zipatazo 500 za samaki wa jamii ya perege, kasi ambayo haijawahi kuonekana kwa mnyama mwingine mwenye uti wa mgongo. Mwaka 2017 kundi la watafiti likiongozwa na Joana Meier na Ole Seehausen lilisoma vinasaba vyao, likakuta wote ni uzao wa koo mbili zilizokutana na kuzaliana kama miaka 150,000 iliyopita: mmoja wa Nile ya juu, mwingine wa Kongo. Mchanganyiko huo uliwapa akiba kubwa ya tofauti za kuchezea. Lakini samaki wa Kongo walifikaje upande wa Viktoria? Njia ambayo watafiti hao waliipendekeza ni Malagarasi: katika kipindi cha mvua nyingi, vijito vyake vya juu vilitekwa na mito inayoelekea Viktoria, na samaki wakahamishwa pamoja na maji. Ni kijito gani kilichotekwa, na kwenye kilima kipi, bado haijajulikana. Mgawanyo wa maji kati ya Ziwa Viktoria na Tanganyika unapita nyanda hizihizi za kaskazini mwa Kigoma, na vijito vyake vingi havijawahi kupimwa samaki wake.